Ngozi Ikibadilika Rangi: Chunguza Kwanza, Paka Baadaye

Simama mbele ya meza ya vipodozi Kariakoo au Kongowea useme uso wako umeota mabaka. Utapewa krimu kabla hujaulizwa baka lilianza lini, linawasha au haliwashi, na mwezi uliopita ulimeza dawa gani. Muuzaji anauza alichonacho. Tatizo ni ile imani kwamba kila doa ni jambo la rangi, na kila rangi ina mkebe wake dukani.

Ngozi hubadilika kwa fangasi, kwa mimba, kwa kisukari kinachonyemelea, kwa kidonge cha malaria, kwa ini lililozidiwa, kwa ukoma. Mengine ni ya kusubiri tu, mengine hayangoji kesho. Mwongozo huu hautakufanya daktari. Utakufundisha kuangalia, kutenganisha ya haraka na yasiyo ya haraka, na kufika zahanati ukiwa na maelezo ya maana.

Kwa nini rangi hubadilika

Rangi ya ngozi inatokana zaidi na melanini. Watu wote, weusi kwa weupe, wana karibu idadi ileile ya seli zinazoitengeneza. Tofauti iko kwenye wingi na aina ya melanini yenyewe. Seli hizo hukaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi na kuzigawia rangi seli jirani, ambazo hupanda taratibu hadi juu na kupukutika. Safari hiyo huchukua takriban mwezi.

Seli hizo zikichokozwa na jua, kidonda, msuguano au homoni, humwaga rangi nyingi, ngozi ikawa nyeusi. Zikidhoofishwa au zikifa, ngozi inafifia au inakuwa nyeupe pe. Wakati mwingine melanini haihusiki kabisa: umanjano hutokana na bilirubini iliyojaa katika damu, ubluu hutokana na damu yenye oksijeni kidogo, na kupauka hutokana na upungufu wa damu.

Hapa kuna jambo moja ambalo ukilishika litakuokolea pesa na ngozi: sababu huondoka kwanza, rangi hufuata baadaye sana. Fangasi wanaweza kufa ndani ya wiki moja, baka likakaa miezi. Rangi iliyodondokea tabaka la chini inaweza kukaa mwaka na zaidi. Watu wengi huharibikiwa katika kipindi hicho cha kungoja. Dawa imeshafanya kazi, lakini kwa kuwa baka bado lipo wanaamini imeshindwa, wanahamia kali zaidi, kisha kali zaidi ya hiyo.

Jambo la pili: maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Ukisoma kwamba upele "unakuwa mwekundu", ujue kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kijivu, au weusi uliozidi tu. Kwa hiyo usitegemee macho pekee. Gusa uone kama pana joto, pamevimba au panauma.

Jinsi ya kujichunguza

1. Kaa karibu na dirisha mchana. Taa ya umeme hudanganya, na umanjano hasa hupotea kabisa chini ya taa ya njano.

2. Nawa, ujikaushe, usipake chochote. Mafuta huficha magamba na poda huficha mipaka.

3. Anza na sehemu zenye melanini kidogo: weupe wa macho, ndani ya kope la chini, fizi, ulimi, viganja, nyayo na kucha. Umanjano, upaukaji na ubluu huonekana huko kabla ya kwingine.

4. Lichunguze baka lenyewe. Limefifia tu au ni jeupe pe? Mpaka wake unaonekana wazi au unayeyuka kwenye ngozi ya kawaida? Liko moja, au yako pande zote mbili za mwili kwa kulingana? Vinyweleo vilivyo juu yake ni vyeusi au vimegeuka vyeupe?

5. Likwaruze kidogo kwa ukucha. Vikitoka vichenga laini vya kama vumbi, fikiria fangasi.

6. Fanya jaribio la pamba. Sokota pamba iwe na ncha nyembamba. Mwenye baka afumbe macho, nawe umguse mara ndani ya baka, mara nje, bila mpangilio, yeye aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Akikosa kuhisi ndani ya baka, rudia. Akikosa tena, aende kituo cha afya wiki hiyohiyo.

7. Piga picha kwa simu, ukiweka sarafu kando ya baka ili ukubwa uonekane. Rudia baada ya wiki mbili, mahali palepale na saa ileile. Kumbukumbu ya macho haiaminiki kwa jambo hili. Unayejiona kwenye kioo kila siku ndiye wa mwisho kujua kama baka limekua.

8. Andika vyote ulivyomeza na kupaka kwa miezi mitatu iliyopita: vidonge, sindano ya uzazi wa mpango, mitishamba, sabuni mpya, manukato, hina, rangi ya nywele. Usiache kitu kwa kuona aibu.

KISANDUKU: Usisubiri kesho

Nenda hospitali sasa hivi ukiona lolote kati ya haya:

- Midomo na ulimi kuwa vya bluu au kijivu, hasa kama mtu anapumua kwa shida.
- Macho ya manjano pamoja na homa, kuchanganyikiwa, kutapika sana, au mkojo wa rangi ya kokakola.
- Mtoto mchanga kuwa wa manjano katika saa 24 za kwanza, au umanjano kufika viganjani na nyayoni siku yoyote, au mtoto kulegea na kukataa kunyonya.
- Viganja kupauka sana na mtu kuhema au moyo kwenda mbio; kwa mtoto mwenye homa, fikiria malaria kali.
- Ngozi kuwa nyeusi au zambarau na kuuma, kutoa malengelenge au kuchunika, na vidonda mdomoni au machoni, siku au wiki chache baada ya kuanza dawa mpya. Nenda na dawa yenyewe.
- Homa pamoja na madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa kando ya glasi. Kwa ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo na ndani ya kope.

Mabaka meupe

*Utangotango.* Hili ndilo baka la pwani. Vipaku vilivyofifia, au vya kahawia, hutanda kifuani, mgongoni, shingoni na mabegani, na hukolea msimu wa joto na jasho. Chanzo ni fangasi ambaye karibu kila mtu mzima anaye kwenye ngozi; joto na mafuta humfanya azidi mipaka. Si uchafu, na hukuambukizwa na mwenzako wa chumba. Dawa yake ya kawaida ni shampuu yenye ketokonazo asilimia 2: ipake mwilini kwenye mabaka na kuzunguka mabaka, iache dakika tano, kisha oga. Fanya hivyo kila siku kwa siku tano. Kwa mjamzito na mtoto mdogo, muulize mfamasia kwanza. Vumbi likishakwisha ukikwaruza, fangasi wamekwisha, hata kama vipaku bado vinaonekana. Hapo acha dawa na ungoje rangi. Anayesumbuliwa kila kiangazi anaweza kutumia shampuu hiyo mara moja kwa mwezi kama kinga. Na punguza kujipaka mafuta mazito mgongoni wakati wa joto.

*Vipaku vya mashavuni kwa watoto.* Vimefifia, mpaka wake hauonekani vizuri, ngozi yake ni kavu. Mitaani husemwa ni minyoo, na mtoto hunyweshwa dawa ya minyoo tena na tena. Minyoo haihusiki. Ni ukavu wa ngozi unaoendana na pumu ya ngozi hafifu, na jua huonyesha tofauti zaidi. Vaselini baada ya kuoga, sabuni isiyo kali, kofia, na subira ya miezi vinatosha.

*Vidoa vyeupe miguuni kwa wazee.* Vidogo, ukubwa wa punje ya mchele, kwenye miundi na mikononi, haviwashi na havina magamba. Vinakuja na umri na jua. Viache. Lakini kama ngozi ya miundi imekuwa na madoadoa meupe kwa mtu aliyeishi miaka mingi karibu na mito iendayo kasi, kama ilivyo Mahenge wilayani Ulanga, na alishawahi kuwashwa sana, aulize kuhusu usubi.

*Mbalanga.* Hapa rangi haikufifia, imetoweka. Baka ni jeupe pe, mpaka wake ni wazi, mara nyingi pande zote mbili: kuzunguka macho, mdomo, vidole, magoti. Hisia ipo kamili. Kinga ya mwili imeshambulia seli za rangi. Hauambukizi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kuzaa pamoja, na hauhusiani na laana ya mtu. Tiba zipo, za krimu na za mwanga maalumu, na hufanya kazi vizuri zaidi baka likiwa changa, hasa usoni. Kwa hiyo mtu asikae nyumbani miaka akificha kwa mtandio. Daktari akitaka kupima tezi ya shingo, akubali, kwa sababu matatizo yake huandamana na mbalanga mara nyingi kuliko bahati tu. Sehemu nyeupe huungua haraka na jua, zifunike.

*Ukoma.* Wengi huamini ulikwisha zamani. Tanzania, Kongo, Msumbiji na Komoro bado zimo katika nchi ambazo Shirika la Afya Duniani linazipa kipaumbele kwa ugonjwa huu. Baka la ukoma limefifia au lina rangi ya shaba, haliwashi, haliumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: kisichouma hakimpeleki mtu hospitali. Jaribio la pamba ni kwa ajili yake. Hata hivyo si kila baka la ukoma linakufa ganzi, hasa la usoni, kwa hiyo angalia na mengine: ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, kuungua jikoni bila kuhisi, kandambili kuvuka mguuni bila mtu kujua, nyusi kupukutika upande wa nje, masikio kuota vinundu.

Vimelea vyake hukua polepole mno; kutoka kuambukizwa hadi baka kuonekana hupita miaka mitano kwa wastani, na inaweza kufika 20. Tiba ni mchanganyiko wa dawa unaomezwa kwa miezi 6 au 12, na tangu 1995 hutolewa bure duniani kote kupitia Shirika la Afya Duniani. Ukiambiwa ulipie dawa ya ukoma, uliza kwa sauti. Moja ya dawa hizo, klofazimini, huifanya ngozi iwe na weusi wenye wekundu. Wagonjwa wengine huacha tiba kwa sababu hiyo tu, wakiona sasa mtaa mzima utajua. Weusi huo hupungua taratibu baada ya dozi kuisha. Vidole vilivyopotea havirudi.

Mabaka meusi

Yaliyo mengi ni makovu ya rangi. Chunusi, kuumwa na mbu, tetekuwanga, kuungua, upele uliokunwa: ngozi ikishachokozwa humwaga melanini, na ngozi nyeusi humwaga zaidi. Tiba ya kwanza ni kuzuia uchokozi mpya. Usitumbue chunusi, usipake dawa ya meno kwenye moto wala kwenye chunusi, na tibu kiwasho chenyewe ili mkono uache kukuna. Mengine yana chanzo chake maalumu, na haya ndiyo yanayowapita watu.

*Nzi wa Nairobi.* Ni mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, na ingawa Wakenya wamempa jina la nzi, ni jamii ya mbawakawa. Hujaa baada ya mvua kubwa na hufuata taa. Hang'ati. Sumu iko mwilini mwake, ukimponda shingoni unajipaka mwenyewe. Kesho yake pana mstari unaounguza, na baadaye unabaki mweusi kwa wiki kadhaa. Mpulize au mkung'ute kwa karatasi, osha kwa sabuni mara moja, na zima taa ya nje usiku.

*Ndimu na jua.* Maji ya ndimu yakikauka kwenye ngozi kisha ukatoka juani, huunguza na kuacha michirizi au mabaka meusi. Anayejipaka ndimu usoni ili ang'ae anapata kinyume chake. Waliokamua ndimu nyingi kwa ajili ya karamu wakaenda zao juani bila kunawa nao huyaona mikononi.

*Piko.* Hina halisi, ya majani, hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia na mara chache sana humdhuru mtu. Ile nyeusi ti, inayokolea ndani ya nusu saa, mara nyingi imetiwa rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Bibi harusi anaweza kuamka siku ya tatu ua lote limevimba na kutoa malengelenge kwa umbo lilelile alilochorwa, na likipona linaacha alama nyeusi au nyeupe ya ua hilo. Aliyewahi kupatwa asiguse tena piko wala rangi nyeusi ya nywele. Mara ya pili huwa mbaya zaidi. Ukitaka kuchorwa, uliza kilichomo, na kama mchoraji hajui, chagua hina ya kawaida. Watoto wadogo wasichorwe piko hata kwa Idi.

*Baka linalorudi palepale.* Umekunywa dawa, ndani ya saa chache mahali fulani panawasha au kuunguza, panakuwa na duara jeusi la zambarau. Linapoa, linaacha doa. Miezi baadaye unakunywa dawa ileile, doa lilelile linawaka upya. Huu ni mzio wa dawa, na kwetu dawa za salfa ndizo hutajwa sana: Septrin, na ile ya malaria wanayopewa wajawazito kliniki. Dawa za maumivu na baadhi ya antibayotiki nazo zimo. Maeneo linayopenda ni midomo na sehemu za siri, na ndoa zimetikiswa kwa doa la namna hii kudhaniwa ugonjwa wa zinaa. Andika jina la dawa nyuma ya kadi yako ya kliniki, na litaje kila unapoandikiwa dawa. Kama uko kwenye Septrin au ARV kwa maelekezo ya kliniki, usiache kimyakimya; rudi upesi wakubadilishie.

*Shingo nyeusi.* Nyuma ya shingo, kwapani na kwenye mapaja, ngozi inakuwa nyeusi, nene kidogo, laini kama mahameli. Mama anamkalisha mtoto kwenye beseni na kumsugua shingo kwa dodoki, anasema ni uchafu. Mtoto analia, shingo inazidi kuwa nyeusi, kwa sababu msuguano nao huongeza rangi. Huo si uchafu. Kwa wengi ni ishara kwamba mwili umeanza kuikataa insulini, na kisukari kinaweza kuwa njiani. Pima sukari kabla ya kula asubuhi, pima uzito na shinikizo la damu. Uzito ukipungua, shingo hufuata. Akiwa mtu mzima ambaye hakunenepa, na weusi umeenea ghafla hadi mdomoni na viganjani huku akikonda, huyo amwone daktari haraka.

*Mabaka ya mashavu na paji la uso.* Huja pande zote mbili, hasa wakati wa ujauzito au kwa watumiao vidonge vya uzazi wa mpango. Ya mimba hupungua kwa wengi ndani ya mwaka baada ya kujifungua. Adui yake ni jua, tena hata mwanga unaoonekana, si miale ya jua inayounguza pekee. Ndiyo maana krimu ya jua ya kiwango cha SPF 30 na zaidi yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, husaidia kuliko ile isiyo na rangi. Kipimo cha uso na shingo ni mstari wa krimu wa urefu wa vidole viwili, na hurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Ikiwa bei haiwezekani, kofia ya ukingo mpana na mtandio mzito ni kinga ya kweli.

*Doa la chini ya mguu.* Kansa ya rangi ya ngozi ni adimu kwa watu weusi, lakini inapotokea hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hatutazami. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 kwenye kidole gumba cha mguu, ambako ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Mstari mmoja mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kumwagikia ngozi ya pembeni, si kawaida. Vivyo hivyo doa la unyayoni linalokua, lenye rangi zisizolingana au linalotoka damu. Vinundu vya zambarau miguuni au mdomoni navyo vionwe na daktari na kipimo cha VVU kifanywe.

Mkorogo

Hapa nitasema bila kuzunguka: nusu ya matatizo ya rangi ya uso yanayozungumzwa saluni yamesababishwa na kilichonunuliwa kuyatibu. Huo ni mtazamo wangu, si takwimu. Krimu za kujichubua hubeba vitu vitatu vikuu, kimojakimoja au vikichanganywa.

Haidrokwinoni huzuia utengenezaji wa melanini. Ikitumika muda mrefu bila daktari, hasa juani, mashavu hugeuka weusi wa bluu usiofutika. Madaktari wa Afrika Kusini waliuelezea weusi huo mwaka 1975. Steroidi kali hung'arisha kwa kuidhoofisha ngozi: inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, chunusi zinamwagika, na fangasi waliofichwa wanaenea. Zebaki huingia mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni hupata sehemu yake. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwisho wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni ifikapo 2020. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya namna hii. Bado vinauzwa.

Soma lebo, ukitafuta maneno haya kama yanavyochapishwa: hydroquinone, clobetasol, betamethasone, fluocinonide, mercury, mercurous, calomel, mercurio. Onyo la kuvua vito vya dhahabu au fedha kabla ya kupaka ni dalili ya zebaki. Chupa isiyo na lebo kabisa, au iliyochanganywa mbele yako dukani, hesabu kuwa ina vyote.

Ukitaka kuacha:

1. Chenye zebaki kiache leo. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, usikichome, fua taulo na mashuka.
2. Chenye steroidi ulichopaka mwili mzima kwa miezi mingi, usikate ghafla bila daktari. Mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza steroidi yake mwenyewe, na kukata ghafla huleta udhaifu na kushuka kwa shinikizo la damu.
3. Kisicho na lebo kipeleke kwa daktari au mfamasia ndani ya siku chache.
4. Omba kipimo cha mkojo, shinikizo la damu na sukari.
5. Mwambie mkunga au daktari wa upasuaji mapema. Ngozi iliyochubuliwa hushonwa kwa shida na hupona polepole.
6. Tarajia uso kuwasha, kuvimba na kuwa mweusi zaidi kwa muda. Usirudi kwenye mkebe. Ndiyo hali inayowarudisha wengi.

Manjano, kupauka na watoto wachanga

Umanjano wa macho kwa mtu mzima ni dalili ya ini, njia ya nyongo au damu kuvunjika. Hakuna krimu wala juisi ya kuuondoa; ni vipimo. Kama viganja na nyayo vimekuwa vya njano lakini macho ni meupe, na umekuwa ukila karoti, maboga au mapapai kwa wingi, punguza na utaona. Upaukaji hupimwa kwa kulinganisha kiganja cha mgonjwa na cha mtu mzima wa afya kando yake.

Kwa mtoto mchanga, bonyeza kidole kwenye paji la uso au pua kisha achia haraka. Rangi inayobaki kabla damu haijarudi ndiyo ya kuangalia. Kumwanika jua la asubuhi si tiba ya manjano, na kunachelewesha hospitali. Nguo zilizohifadhiwa sandukuni na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, naftalini, asivishwe kabla hazijafuliwa na kuanikwa sana: kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, harufu ya vidonge hivyo huvunja damu na kuleta manjano makali. Lile baka la bluu matakoni au kiunoni ni la kuzaliwa nalo, hakupigwa na mtu, na hufifia akikua. Nywele zikigeuka rangi ya kutu na miguu ikavimba, huo ni utapiamlo mkali, apelekwe hospitali siku hiyo.

Kabla ya kwenda kliniki, hakikisha una:

☐ Picha mbili au zaidi zenye tarehe
☐ Orodha ya dawa na vipodozi, na vyombo vyenyewe mfukoni
☐ Majibu ya jaribio la pamba na la ukucha
☐ Tarehe ya kuanza, hata ya kukadiria
☐ Jina la ndugu mwenye tatizo kama hilo, kama yupo
☐ Ngozi isiyopakwa chochote asubuhi hiyo

Zahanati ikishindwa, omba rufaa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wataalamu waliosoma pale wamesambaa katika hospitali za mikoa na nchi za jirani.

Na ukiandikiwa dawa, usiinuke kitini kabla ya kuuliza mambo matatu: huu ni ugonjwa gani, dawa nitumie hadi siku gani, na rangi yenyewe itachukua muda gani kurudi. La tatu liandike kwenye karatasi, kwa sababu wiki ya tatu mtu atakushauri krimu nyingine.